Sahihi ya Mzee Asumani

Hati ilikuwa ya ukurasa mmoja, imechapwa kwa Kifaransa, na Georgette Bolamba aliisoma mara nne kabla ya kuliona kosa lililokuwamo.

Alikuwa inspekta wa upelelezi mjini Kisangani kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka ya karibuni kesi zake nyingi zilikuwa za nyumba. Tangu watu walipoanza kukimbia mapigano ya ng'ambo ya mto na kuingia mjini na magodoro kichwani, kodi ya chumba kimoja pale Mangobo ilikuwa imepanda mara mbili, kisha ikapanda tena. Wenye nyumba walidai garanti, kodi ya kutanguliza ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingiza hata sufuria. Madalali, wale wanaoitwa makomisioneri, waliweza kupangisha chumba kimoja kwa familia tatu katika wiki moja, na kila familia ikafika na ufunguo wake mkononi. Ndugu waliuziana viwanja, wapwa walirudi kutoka machimboni wakakuta ukuta mpya mahali pa mlango wao. Hayo yote Georgette alikuwa ameyazoea. Kesi ya Mama Mwanahamisi ilimsumbua kwa sababu aliyeuza nyumba alikuwa marehemu.

Mwanahamisi alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, na alikuwa akikaa katika nyumba ile ya avenue ya kumi na nne tangu alipoolewa. Wiki tatu zilizopita, mfanyabiashara wa mabati na saruji anayeitwa Franck alibisha hodi, akamwonyesha hati, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba nyumba ni yake na kwamba anampa siku thelathini za kuhama. Hati ilieleza kuwa mumewe, Mzee Asumani, fundi cherehani, aliuza nyumba na kiwanja chake tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu mwaka uliopita. Asumani alizikwa mwisho wa mwezi huohuo. Chini ya ukurasa palikuwa na sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyotia maisha yake yote, na pembeni sahihi ya shahidi mmoja tu, komisioneri aitwaye Constant.

Kosa lilikuwa katika mstari wa mipaka. Uliandikwa hivi: upande wa kulia, kwa Jean-Paul. Georgette alikuwa amemwona huyo Jean-Paul alipokwenda kukagua nyumba. Alikuwa juu ya ngazi, anapaka chokaa ukuta ambao bado ulinuka saruji mbichi.

Asubuhi hiyo alipanda pikipiki hadi Mangobo, akamuuliza alinunua lini. Jean-Paul alishuka, akaosha mikono, akaleta karatasi zake za komini, ofisi ya mtaa. Mwezi wa nane mwaka uliopita. Kabla ya hapo kiwanja kilikuwa cha mjane mmoja aliyehamia kwa wanawe Bunia.

Basi hati iliyodai kuandikwa mwezi wa tatu ilimjua jirani aliyefika mwezi wa nane. Mtu aliyeichapa aliirudisha tarehe nyuma ili imkute Asumani akiwa hai, lakini mipaka aliiandika kama alivyoiona kwa macho yake.

Kutoka hapo hakwenda mbali. Makomisioneri wa Mangobo hukaa kwenye njia panda karibu na soko, kila mmoja na kibao chake cha chaki: vyumba viwili na sebule, umeme upo, garanti sita. Constant alikuwa amekaa nyuma ya kibao chake akila ndizi ya kuchoma. Alipomwona Georgette alitaka kusimama, kisha akaona haifai kukimbia mbele ya wateja. Alimfuata ofisini bila pingu.

Georgette alimdhania yeye. Miezi michache nyuma familia mbili zilikuwa zimemshtaki kwa garanti ya chumba kimoja, na mashtaka yakafa kwa sababu walalamikaji walichoka kuja. Alimketisha, akamwekea hati mbele, akamwambia jambo la Jean-Paul. Constant alikubali kwamba alishuhudia kitu ambacho hakukishuhudia. Alikubali kwamba mwezi wa kumi na moja alimtafuta Franck, akampeleka kuona nyumba kutokea barabarani, akachukua komisheni yake pande zote mbili. Ila hakukubali kwamba aliandika jina la mzee.

"Chef, angalia mimi," alisema. "Niko mutu ya Isangi. Nilibatizwa. Ile maandiko ya Waislamu, ata mwanzo yake iko upande gani, sijui."

Georgette alimpa kalamu na karatasi, akamwambia anakili. Alijaribu mara tatu. Alianzia kushoto, akachora vile mtu anavyochora nyoka. Haikuwa kazi ya mkono ule.

"Nani alikuletea hati?"

"Mwanamuke. Alivaa kitambaa mpaka hapa." Akagusa pua. "Alisema iko mutoto ya mzee, na mzee anagonjwa. Bon, karatasi ilikuwa tayari na mukono ya mzee. Mimi sikuuliza sana."

"Ulijua mzee alikufa."

Georgette alimwandikia maelezo yake, akamfungia, akatoka.

Aliyemhitaji sasa ni mtu wa kusoma herufi zile. Mwalimu Moussa alifundisha watoto Kurani kwenye baraza ya nyumba yake karibu na msikiti, na alikuwa amemjua Asumani tangu walipokuwa vijana. Georgette alimkuta watoto wamekwenda kula. Alimwekea hati, na pembeni yake stakabadhi mbili za zamani za cherehani ambazo Mwanahamisi alikuwa amempa siku alipokuja kushtaki.

Mwalimu alivaa miwani, akazitazama moja moja. Kisha akaeleza polepole, kwa kidole. Jina la Asumani kwa kawaida huandikwa na herufi yenye nukta tatu juu. Asumani mwenyewe aliliandika kwa sini, herufi isiyo na nukta, vile linavyosikika mdomoni mwa watu wa hapa, kwa sababu babu yake alimfundisha hivyo, na Mwalimu alikuwa amemcheka miaka arobaini kwa kosa hilo. Kwenye hati kosa lilikuwa lilelile. Lakini mkono wa Asumani ulikuwa ukitetemeka tangu miaka miwili kabla ya kufa; hata uzi alikuwa akiomba atungiwe kwenye sindano. Sahihi hii ilisimama imara.

"Mtu anayenakili anachora," Mwalimu alisema. "Huyu hakuchora. Huyu aliandika, na aliandika haraka."

"Kwa hiyo ni mtu aliyefundishwa na nani?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akaivaa tena. Aliuliza kama ni lazima ajibu. Georgette alimwambia kwamba wala si lazima leo, lakini siku ya mahakama itakuwa lazima. Mwalimu aligeuza uso upande wa barabara. Alisema kwamba katika maisha yake yote Asumani alikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Hakumpeleka mtoto wake chuoni kwa Mwalimu. Alimfundisha mwenyewe nyumbani, juu ya meza ya kukatia nguo, kwa chaki ya cherehani, kisha anafuta kwa kiganja.

"Djamila," akasema, kama mtu anayemwombea radhi.

Djamila alikuwa mtoto pekee wa Asumani na Mwanahamisi aliyebaki hai. Katika maelezo yake Mwanahamisi alikuwa amemtaja kwa mstari mmoja tu: nina binti, ameolewa, hatuonani. Georgette hakuwa ameuliza zaidi. Sasa aliuliza majirani, na saa nane mchana alikuwa amempata, juu kabisa mwishoni mwa mji, ambako viwanja bado vinauzwa kwa hatua na njia ya pikipiki inaishia kwenye mihogo.

Kilikuwa kiwanja kidogo. Palikuwa na fremu ya miti, nusu yake imesiribwa udongo, na juu turubai badala ya bati. Watoto watatu walikaa kivulini wakimenya maharagwe. Mama yao, mwembamba, wa miaka thelathini na kidogo, alikuwa akijaza udongo kati ya miti kwa mikono, anaupiga, anaulainisha. Georgette alijitambulisha. Djamila hakushtuka. Aliwaambia watoto waende kuchota maji, akangoja mpaka wafike mbali.

Georgette alifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akamnyooshea kalamu.

"Andika jina ya papa yako."

"Kwa Kifaransa ao kwa Kiarabu?"

"Vile alikufundisha."

Djamila alifuta vidole kwenye kitenge. Alijua anaombwa nini, ilionekana usoni. Akaandika kutoka kulia, mara moja, bila kuinua kalamu isipokuwa panapostahili. Sini ilikuwa pale. Alama ya udongo ilibaki pembeni ya ukurasa.

"Ni mimi," alisema. "Usipige Constant sababu ya hii. Mupige sababu ya zingine."

Walikaa kwenye gogo, naye akaeleza yote kwa sauti ya chini, bila kulia, na Georgette akaandika.

Mumewe, Djuma, alikwenda kwenye machimbo ya almasi miaka miwili iliyopita na habari zake zikakatika. Mwezi wa tisa mwenye nyumba alimwambia ahame. Alikuwa amepata mtu wa kulipa zaidi. Djamila aliuza cherehani aliyoachiwa na baba yake, akakusanya garanti, akampa Constant kwa ajili ya chumba kwenye avenue ya sita. Alipofika na watoto wanne na vyombo, ndani palikuwa na familia nyingine inapika. Kwa hiyo alijua vizuri Constant ni mtu wa namna gani, na ndiyo sababu baadaye alimchagua: alihitaji shahidi asiyeuliza.

Siku hiyo ya avenue ya sita alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Baba yake alikuwa amefariki miezi sita nyuma. Vyumba viwili vya nyuma Mwanahamisi alikuwa amempangisha mwanaume mmoja wa kazi za ofisi aliyelipa vizuri, na ile kodi ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Yeye mwenyewe alikaa chumba cha mbele. Alisimama mlangoni akamwambia binti yake kwamba hakuna nafasi, angoje mwisho wa mwezi, mpangaji atatoka.

Djamila alingoja. Walilala kwenye baraza la ghala moja karibu na soko, na mvua za mwezi wa kumi zikaanza kuwapiga kutoka upande. Mwezi ulipokwisha, mpangaji aliongeza kodi ya miezi mitatu mbele, na Mwanahamisi akaipokea. Juma moja baadaye mtoto wa mwisho, Ramla, wa miaka minne, alishikwa na homa. Alifariki alfajiri ya siku ya tatu, mikononi mwa mama yake, njiani kwenda kutafuta dawa.

Mwanahamisi alisikia baada ya mazishi. Alikuja na beseni la lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki kwa ajili ya watu wa matanga. Djamila hakutoka kumpokea.

Georgette aliuliza habari za pesa, kwa sababu ilikuwa lazima aulize. Djamila alionyesha kiwanja, miti, turubai. Nyingine Constant alikula.

"Lakini sikuuza sababu ya feza, madame." Alikuwa akisugua udongo uliokauka kwenye kiganja. "Niliuza ili naye ajue, mutu akikuambia hakuna nafasi, iko namna gani."

"Na sasa anajua?"

Watoto walikuwa wakirudi na madumu ya maji.

Georgette alimweleza sheria vile ilivyo. Mama yake akithibitisha rasmi kwamba sahihi si ya mumewe, mauzo yanaanguka, nyumba inarudi kwa mjane, na aliyeghushi anakwenda gerezani kwa miaka. Aliuliza watoto wana ndugu gani mwingine. Djamila alisema hawana. Kisha akasema kwamba hayo yote aliyajua tangu siku aliyoshika kalamu, akainuka, akachota udongo mwingine. Georgette alimwambia asitoke mjini. Hakumfunga. Utaratibu ulitaka maelezo ya mjane kwanza, na hilo alijiambia njia nzima ya kurudi.

Mama Mwanahamisi alifika ofisini kesho yake saa tatu asubuhi, amevaa mtandio mweupe, ametembea kwa miguu kutoka Mangobo. Georgette alimpa kiti karibu na dirisha. Hakumtajia Djamila. Alimwekea hati mezani, akaandika tarehe na jina kwenye karatasi ya maelezo, akauliza swali la kawaida kabisa: je, anaitambua sahihi hii?

Mwanahamisi hakuiangalia. "Nikisema hapana, munafunga nani?"

"Tutamfunga aliyeiandika, mama."

"Umesha kumupata."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa akigombana juu ya pikipiki iliyokamatwa. Bibi alizungumza kwa utulivu, akiangalia mikono yake.

"Siku ile Franck alinionyesha karatasi, nilijua. Mukono ile najua kama yangu. Nilikuwa nakaa pembeni yao nikitunga uzi, mutoto anaandika, papa yake anacheka." Akanyoosha mtandio. "Nilikuja kwako nikiomba Mungu unipatie mutu mwingine. Ata ule Constant. Ningeshukuru kama ni Constant."

Georgette aliweka kalamu chini. Alisema kwamba anaelewa, lakini nyumba ni yake, na neno moja tu linatosha kuirudisha.

"Sasa andika," Mwanahamisi alisema. "Bwana yangu aliuza nyumba mwezi wa tatu. Alipatana na Franck kwa mudomo. Akatia mukono kwa karatasi haina maandiko, nikiwa pale, akamwambia mutoto aichapishe kisha. Siku ile mukono haikutetemeka."

Alikuwa amefikiria kila kitu; Jean-Paul, jirani yake, alikuwa amemsimulia swali la Georgette. Karatasi tupu ilieleza jirani wa mwezi wa nane. Mkono uliotulia ulieleza ile sahihi imara. Franck asingekana, kwa kuwa maneno hayo yalimpa nyumba.

"Mama, hii si kweli."

"Wewe unaandikaka kweli, ao unaandikaka vile mutu anasema?"

Georgette aliandika. Sentensi ya mwisho aliisoma kwa sauti mara mbili, polepole, akimpa nafasi ya kuikataa: mlalamikaji anaitambua sahihi kuwa ya marehemu mumewe na anaondoa mashtaka. Mwanahamisi aliitikia kwa kichwa, akatia kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza mahali alipoonyeshwa. Alisema atakwenda Ubundu kwa dada yake, ambaye ana chumba. Kesho atatoka, siku zilizobaki hazihitaji, kwa sababu mpangaji wa nyuma alikuwa ameshahama mara tu aliposikia habari za Franck.

Alipofika mlangoni, alirudi hatua moja.

"Niliona kodi ile ya miezi mitatu, nikafikiria chakula yangu," alisema. "Sikufikiria mvua."

Mkuu wa Georgette alisoma faili kabla ya adhuhuri. Alisoma maelezo ya Mwalimu, ya Jean-Paul, ya Constant, mwishoni ya mjane. Aliuliza kama kuna kitu kingine. Karatasi yenye jina la Asumani na alama ya udongo ilikuwa bado ndani ya daftari la Georgette. Alisema hakuna. Mkuu akaandika kwamba faili imefungwa, isipokuwa Constant, ambaye atajibu kwa garanti za watu.

Jioni hiyo Georgette alipanda tena mpaka mwisho wa njia ya pikipiki. Alimwambia Djamila kwamba hakuna mashtaka. Djamila aliuliza mama yake alisema nini, na Georgette akamwambia neno kwa neno. Djamila aliketi chini pale alipokuwa amesimama, juu ya udongo wa maji, na hakuinuka mpaka mtoto mkubwa alipokuja kumshika bega.

Kesho yake asubuhi Franck alikuwa mbele ya nyumba ya avenue ya kumi na nne pamoja na mafundi wawili na kofuli mpya. Georgette alikwenda kuhakikisha kwamba makabidhiano yanafanyika kwa amani, au ndivyo alivyoandika kwenye daftari la ofisi. Vitu vya Mwanahamisi vilikuwa vichache: godoro lililokunjwa, masufuria, meza ya kukatia nguo, ambayo alimwambia Franck abaki nayo kwa sababu haiwezi kuvuka mto. Pikipiki ya kumpeleka kivukoni ilikuwa imewashwa.

Djamila alikuja kwa miguu, peke yake, akasimama ng'ambo ya barabara. Nguo yake ilikuwa safi. Hakuvuka.

Mwanahamisi alimwona. Alimpa Franck ufunguo, akashuka ngazi moja, akashika mtandio wake uliokuwa ukipeperushwa, akavuka yeye.

Walitazamana. Georgette alikuwa karibu kiasi cha kusikia, na alitamani asingekuwa karibu.

"Ramla mulimuzika wapi?" bibi aliuliza. "Sikuonyeshwa."

Djamila alionyesha upande kwa kidevu. "Iko mbali, mama. Nyuma ya njia ya zamani ya kahawa. Pikipiki haifike."

"Nitatembea."

Mwanahamisi alimwambia mwenye pikipiki azime injini amngoje. Djamila alitangulia, kwa kuwa ndiye aliyejua njia, na mama yake akafuata nyuma hatua tatu au nne. Walipofika kwenye kona Djamila alisimama, hakugeuka, akangoja mpaka mama amfikie. Kisha wakaendelea.